Siku Niliyoacha Kung'ata Mchele

Wapishi wenzangu, hamjambo huko jikoni? Haya nayaandika kwenye daftari la mjukuu wangu lililobaki kurasa nusu, nimekaa hapa nyumbani Kibaoni, na bodaboda zinapita zikinipigia honi kama vile bado nachelewa kazini. Sitawasimulia mshahara, maana mnaujua, na anayeujua haulizi. Vyeo na vyeti navyo naviacha. Nataka kuwasimulia jiko, na hasa siku moja ya mwezi wa sita ambayo nilikaribia kuwatoa kazini ninyi nyote sita kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini lazima nianze mwanzo, la sivyo hamtaelewa ukubwa wa upumbavu wangu.

Siku ya kwanza nilifika shuleni kwa baiskeli ya kaka yangu, msichana mwenye kitenge kipya, nikidhani nitakabidhiwa mwiko. Thubutu! Nilikabidhiwa ungo. Mpishi mkuu alikuwa Bibi Apolonia, Mpogoro wa Mahenge, mama mfupi mwenye rozari shingoni na kisu kiunoni, na alivitumia vyote viwili kwa imani ileile. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaniuliza, "Meno unayo yote?"

"Ninayo, Bibi."

"Basi kaa hapa."

Nilidhani ananitania. Kumbe meno ndiyo yalikuwa kazi yenyewe. Kila gunia la mchele lililoingia stoo, Bibi alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje za katikati, akaniwekea kiganjani. "Ng'ata." Mchele uliokaa unalia kah! na kupasuka vipande. Mchele mpya, ule ambao mpunga wake umetoka shambani juzi na kukobolewa jana, haulii. Unapondeka jinoni kama chaki iliyopata unyevu. Ule uliokaa unakunywa maji mengi, mpya unataka kidogo tu, na ukiuzidishia umepika gundi. Hapa bondeni kwetu mwezi wa sita magunia ya aina zote mbili husimama stoo moja, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Miezi mitatu nilichambua mawe na kung'ata mchele, hakuna kingine. Siku moja nikauliza kwa nini tusimwulize tu aliyeleta gunia. Bibi Apolonia alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Felista mwanangu, muuza mchele ulimwona wapi akikuambia kuwa wake ni mpya?"

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na vingi mmevikuta. Masufuria matano ya kilo ishirini ishirini. Miiko ya mninga mirefu kuliko mimi, ambayo fundi seremala aliichonga huku akiuliza kama tunaenda kuvua samaki. Ndoo za kupimia maji. Koleo la kuwekea makaa juu ya mfuniko, na kovu la mkononi ambalo kila mpishi analipata mwaka wa kwanza na kuacha kulihesabu mwaka wa pili. Masika moja mvua iligoma kukatika, lori la kuni likakwama huko njiani siku nne, na kuni tulizobaki nazo zilikuwa zinatoa maji badala ya moto. Bibi akatutuma mashineni kuchukua pumba za mpunga. Tukazishindilia kwenye pipa kuzunguka mti, tukauchomoa mti likabaki tundu katikati, tukawasha kwa chini. Jamani! Tulisonga ugali wa watu mia nne kwa kitu ambacho watu wanakitupa barabarani. Nilimwuliza alifundishwa wapi. Akasema hakufundishwa, ila aliwahi kuona pumba zikiungua siku tatu bila kuzimika, akajiuliza huo moto wote unafanya nini pale peke yake.

Bibi alipoondoka, mwiko ukabaki kwangu. Hicho ni cheo, na nimeshasema vyeo sisimulii.

Sasa tuje kwenye simu. Mngetarajia kijana ndiye aje na simu na mzee aikatae. Kwetu ilikuwa kinyume kabisa. Kijana wetu alikuwa Skola, binti wa Kindamba kutoka Masagati huko juu ya Mlimba, aliyekuja kwetu miaka miwili kabla sijastaafu akiwa na simu ndogo ya kitochi iliyofungwa kwa raba. Mzee aliyepagawa nilikuwa mimi! Mwanangu aliniletea simu ya kupangusa, akanionyesha mahali pa kuzungumza na akili mnemba, na kuanzia siku ile sikuwa mtu tena. Niliuliza kwa nini kitunguu kinaliza. Nikajibiwa. Nikauliza jinsi ya kuondoa harufu ya maharage yaliyoungua. Nikajibiwa, tena kwa Kiswahili cha adabu kuliko cha paroko. Halafu kila nikiuliza, inaniambia, "Hilo ni swali zuri sana!" Miaka thelathini na moja shuleni, walimu wamepita wa kila namna, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kuwa nimeuliza swali zuri. Nilikuwa nauliza hata nisichohitaji, ili nisifiwe tu.

Mlinicheka. Mama Teddy akaniita Mama Mtandao. Skola hakucheka, alikuwa akiniangalia tu, kisha anarudi kwenye vitunguu vyake.

Mwezi wa nne Mkuu wa shule akatuita ofisini sote saba. Akasema kuanzia mwezi wa saba shule itampa mzabuni wa mjini kazi ya chakula, naye atakuja na wapishi wake. Alisema kwa upole, lakini upole haujazi tumbo. Mimi nilikuwa nastaafu mwezi wa sita, ningeenda zangu nyumbani. Ninyi sita mngeenda wapi? Mama Teddy ni mjane, ana watoto watatu, na mnajua kwamba kila kalamu waliyoshika ilitoka kwenye jiko lile. Alitoka ofisini, akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nikakaa na simu yangu. Nikaieleza habari nzima, ikaniandikia barua. Wee! Barua ile ilikuwa na aya zilizonyooka kama matuta ya bwana shamba. Mkuu aliisoma mara mbili, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Felista, sikujua unaandika hivi." Nikanyamaza, nikafurahi. Akasema atatupa nafasi moja. Siku ya Wazazi inakuja mwanzoni mwa mwezi wa sita. Wazazi wakila wakaridhika, jiko linabaki kwetu. "Na chakula kikiharibika," akasema, "msiniletee barua nyingine, hata ikiandikwa na malaika."

Nilirudi jikoni nikirukaruka kama mwanafunzi aliyefutiwa mtihani. Simu imetupa nafasi! Ndugu zangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa najiandaa kuyatia kwenye wali.

Siku yenyewe ikafika. Kumepambazuka tu, pawatila, lile trekta dogo la mkono, ya Mzee Masanja inaingia getini. Mnamfahamu, yule Msukuma mwenye ng'ombe wengi ambaye kijana wake yuko kidato cha pili. Alileta magunia mawili ya mchele, zawadi kwa shule, pamoja na madumu mawili makubwa ya maziwa kwa ajili ya chai ya wageni. Juu ya magunia alikaa mama yake mzazi, bibi mkongwe kabisa, amejifunga kaniki nyeusi, hana jino hata moja, anatabasamu kama bibi harusi. Nikamsaidia kushuka, nikamwamkia, nikamtafutia kiti kivulini. Akaniambia kwa Kiswahili cha taratibu kwamba hajawahi kualikwa shuleni tangu azaliwe.

Nikafungua gunia. Nikatoa simu. Nikauliza wali wa kilo ishirini unahitaji maji kiasi gani. Ikaanza na "Swali zuri sana!", ikaniambia vikombe viwili vya maji kwa kikombe kimoja cha mchele, ikapiga hesabu, na hesabu ikaja kama ndoo mbili na nusu kwa sufuria. Ilinichorea hadi jedwali! Niliwasomea kwa sauti kama naibu waziri.

Skola alikuwa ameshika ndoo. Akauliza polepole, "Mama, umeung'ata?"

"Nini?"

"Mchele. Umeung'ata?"

Nikacheka, na kicheko kile nakijutia mpaka leo. "Skola mwanangu, siku hizi hatung'ati. Tunauliza."

"Sawa, Mama," akasema. Akamimina. Mnajua mtoto wa Kindamba hamjibu mkubwa wake, lakini kimya chake unakisikia.

Sufuria ya kwanza ilichemka nikiwa nje naelekeza viti. Niliporudi nikafunua mfuniko. Mama yangu! Nilitegemea punje, nikakuta bwawa. Mwiko ulisimama wenyewe katikati kama mti uliopandwa. Nikautikisa, bwawa lote likatikisika pamoja. Nikachota kidogo kwa kijiko nikakigeuza juu chini, na wali haukudondoka. Hapo ndipo nilipotia mkono kwenye gunia, mpaka kwenye kiwiko, nikatoa punje za katikati, nikang'ata. Kimya. Ilipondeka kama chaki. Mpunga ule ulikuwa shambani wiki moja kabla.

Na mnajua nilifanya nini, mimi mtu mzima? Nilitoa simu tena! Kioo kimejaa mvuke, nakipangusa kwa aproni, nawaka kama makaa. Nikaandika kwamba mchele ni mpya. Ikajibu, "Samahani. Ikiwa mchele ni mpya, punguza maji." Samahani! Inaniomba samahani bokoboko likiwa limeshachemka! Lakini tusiionee. Ilikuwa inajua. Ningeiambia mapema ingeniambia vilevile. Aliyekuwa na gunia mbele yake ni mimi, aliyekuwa na meno ni mimi, na niliyaweka likizo.

Mama Teddy alichungulia sufuria. Hakunitukana. Aliegemea ukuta akasema, "Basi. Ndiyo imekwisha hivyo." Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake hata siku alipofiwa.

Wakati huo sufuria nne zilikuwa zimeshajazwa maji yaleyale, ndoo mbili na nusu kila moja, zinatokota, na mchele uko tayari kwenye mabeseni. Mimi nimesimama kama nguzo. Skola akachukua punje, akaing'ata, akatema. Kisha akashika jagi akaanza kuteka maji ya moto kutoka kwenye sufuria ya pili, anamwaga chini, anateka, anamwaga. Hakuniuliza. Hakumwuliza mtu. Alipofika kwenye sufuria ya tatu, Mama Teddy akajitoa ukutani akachukua jagi la pili. Wakatoa ndoo nzima nzima, zikabaki ndoo moja na nusu. Mchele ukaingia, makaa yakapanda juu ya mifuniko.

"Na hili?" nikauliza, nikionyesha bwawa langu. "Tulimwage kabla Mkuu hajaja?"

Skola akachota kwa ncha ya kijiko, akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena.

"Usimwage, Mama. Halijaungua. Maziwa ya Mzee Masanja yametumika yote?"

Dumu moja lilikuwa halijaguswa. Akalimimina kidogo kidogo huku Mama Teddy anakoroga, akatia sukari, akaponda iliki, akapunguza moto. Harufu ilivyoanza kutoka, jamani, hata wale wa kwenye nyama waligeuka. Skola akasema, "Hili tunaligawa la kwanza. Wazee na watoto wadogo, kabla ya pilika za nyama." Na akabeba mwenyewe bakuli la kwanza akampelekea mama yake Masanja.

Nilisimama mlangoni naangalia. Yule bibi alionja, akashusha bakuli mapajani. Nikasema moyoni, tumekwisha. Akaonja tena, halafu akainua bakuli kwa mikono miwili kama padri anayeinua kikombe, na kijiko akakiweka pembeni. Alipomaliza alishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja! Wabeja sana!", kwa sauti ambayo meza kuu waliisikia. Akamwambia mwanawe kwamba kwenye sherehe zote alizokwenda tangu meno yaondoke, yeye huwa anatazama wenzake wakila. Wazee wengine wakainua mabakuli. Watoto wakapanga foleni. Sufuria ya aibu yangu ikaisha kabla ya zile nne kuiva, na zile nne zilipofunuliwa, wali ulikuwa punje punje, kila moja na maisha yake.

Baada ya hotuba Mkuu akaja jikoni, sahani mkononi. Sote saba tukasimama mstari mmoja bila kuambiwa. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lake lilinitisha kuliko hasira.

"Felista," akasema, "wazo la kuwapikia wazee wali laini wa maziwa, huyo mzabuni asingelipata hata kwa miaka kumi. Hongera sana." Akaendelea, "Na hapo ndipo penye tatizo langu. Wewe unaondoka mwezi huu. Ukishaondoka, nani jikoni hapa atawaza hivyo? Nimewaza sana pale mezani. Naona bado ni salama zaidi nimpe mzabuni."

Nikaona uso wa Mama Teddy ukianguka. Ndugu zangu, sifa ile ningeweza kuondoka nayo nyumbani nikaitundika ukutani. Na ukweli nao ulikuwa na meno, maana Mkuu mwenyewe alisema chakula kikiharibika tusimwendee. Nyuma ya mgongo wa Mkuu, Mama Teddy ananitikisia kichwa, usiseme, usiseme. Nikasema.

"Mwalimu, wali ule niliuharibu mimi. Ulikuwa wali wa kawaida. Niliiuliza simu, sikuung'ata mchele, nikaujaza maji. Sufuria ya kwanza ilikuwa gundi. Hata ile barua uliyoisifia si yangu, ni ya simu."

Nikasikia kaa likidondoka kutoka kwenye mfuniko.

"Sasa aliyeuokoa ni nani?"

Nikamwonyesha Skola. Mkuu akamgeukia, na Skola akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Wewe ulijuaje kwamba unafaa kwa maziwa?"

"Nilionja, Mwalimu. Ulikuwa umeharibika kwa mtu wa kula na nyama. Kwa mtu asiye na meno ulikuwa haujaharibika. Na yule bibi nilikuwa nimemwona akishuka."

"Na hizi sufuria nne?"

"Nilipunguza maji."

"Mpishi wako mkuu alikuwa ameshapima. Nani alikuruhusu?"

Skola akainua uso kwa mara ya kwanza. "Sikuomba ruhusa, Mwalimu. Maji yalikuwa yanachemka."

Mkuu akaweka sahani yake juu ya beseni, akavua miwani, akanigeukia mimi.

"Felista."

"Abee, Mwalimu."

"Nenda ukastaafu. Jiko lina mtu."

Akatoka. Hatukuelewa mara moja. Mama Teddy ndiye aliyeelewa wa kwanza kwamba mzabuni haji tena, akakaa chini palepale kwenye kuni, akajifunika uso kwa kanga na kulia kwa sauti, na Skola akapiga magoti akamkumbatia bila kujua aseme nini. Wengine wakapiga vigelegele, wageni wakageuka kuangalia kuna harusi gani jikoni. Mimi nilikuwa nimeambiwa niondoke mbele ya wote, baada ya miaka thelathini na moja, na haki ya Mungu sijawahi kufurahi namna ile tangu nizaliwe. Kigelegele kirefu kuliko vyote kilikuwa changu.